Leseni ya Kafara

Kabla sijamtaja mtu yeyote, sina budi kueleza hali ilivyokuwa. Ninyi vijana mnaoanza kushika usukani leo mmezikuta sheria zimekwisha kutulia, na mnadhani zilikuwa hivyo tangu zamani. Wala hamkuwaona watu wazima wakiziogopa kwa sababu hawakuzielewa, na wengine kwa sababu walizielewa nusu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Katika miaka niliyofundisha udereva hapa London, yaani miaka ya tisini na ile ya elfu mbili, mtu aliyehamia kutoka Tanzania au Kongo aliruhusiwa kuendesha gari kwa leseni ya kwao kwa muda wa mwaka mmoja. Mwaka ukitimia, leseni ile haikuwa na nguvu tena. Akitaka kuendelea, alilazimika kuchukua leseni ya mwanafunzi, kubandika herufi L nyekundu mbele na nyuma ya gari, na kufanya mtihani sawa na kijana aliyemaliza shule jana. Akifaulu, alipewa leseni yenye sehemu mbili: kadi ya picha, na karatasi ya kukunja ambayo juu yake ndipo zilipoandikwa pointi za makosa. Ilipokaribia mwisho wa miaka ya tisini likaongezwa sharti jipya. Dereva ambaye pointi zake zilifika sita kwa kosa alilolitenda ndani ya miaka miwili ya mwanzo baada ya mtihani alifutiwa leseni na kurudishwa kwenye herufi L.

Sasa tazameni upande wa mipaka. Mkaazi wa London akivuka bahari kwenda harusini Ubelgiji, na akakamatwa kule kwa mwendo wa kasi, alilipa faini kule kule, na kwa kawaida leseni yake ya Kiingereza haikuguswa. Hiyo ilikuwa kweli kwa miaka ile. Sheria hubadilika, basi msije mkanitaja mimi mbele ya hakimu. Lakini kutokana na kweli hiyo moja watu wetu walijenga jambo lisilokuwa kweli. Walisema: ikiwa kosa la Ubelgiji haliigusi leseni ya Uingereza, basi na kosa la Uingereza haliigusi leseni ile usiyoionyesha. Waliamini kwamba adhabu hukaa juu ya kadi, si juu ya mtu.

Ndipo ulipozuka ule mtindo wa kubeba leseni mbili. Ya nyumbani iliwekwa mbele, katika mkoba au nyuma ya kikinga-jua cha gari, tayari kwa polisi. Ya Kiingereza ilifichwa ndani ya soksi, chini ya zulia la gari, na wengine waliiacha nyumbani ndani ya kitabu kitukufu. Ile ya mbele waliiita leseni ya kafara.

Mimi nilianza kazi hii chini ya Bwana Jayanti, Mhindi aliyezaliwa Nairobi na kuwa na shule ndogo ya udereva kule Neasden. Kila asubuhi alipita hekaluni kwanza, kisha akaja kukagua magari na alama nyekundu ya ibada bado mbichi usoni. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, lakini hakikupoteza neno.

"Wewe mwalimu, sikiliza mimi," aliniambia siku ya kwanza. "Mwanafunzi nakuja na hofu tatu. Hofu ya gari, hofu ya polisi, hofu ya bwana yake. Ile ya gari mimi naweza toa. Ingine yote hapana."

"Na mwalimu je, yeye ana hofu ngapi?"

"Mwalimu iko hofu moja tu. Mwanafunzi."

Nilicheka, kisha kabla ya adhuhuri nikaelewa. Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa mtu wa Uvira, Kongo, aliyeendesha lori kwao kwa miaka mingi. Kongo watu hupita upande wa kulia wa barabara, na gia huwa mkono wa kulia wa dereva. Basi kila alipotaka kubadilisha gia, mkono wake wa kulia ulikimbilia mlangoni na kushika kitasa, na mara mbili alitufungulia mlango tukiwa katikati ya kiplefti. Hakuwa dereva mbaya. Mwili wake ulikuwa umesoma nchi nyingine. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimwekea kila Mkongo mfuko wa karanga upande wa mlango, ili mkono ukienda huko ukute karanga na ukumbuke.

Hofu yenyewe nilijifunza kuisoma kwenye pumzi. Dereva mwenye hofu hushika pumzi anapokaribia makutano, na pumzi ikishikwa, mguu nao hukakamaa juu ya klachi, na gari huzimika mahali pabaya kuliko pote. Kwa hiyo niliwataka wasome kwa sauti kitu walichokihifadhi. Waislamu walisoma walichosoma chuoni, Wakristo waliimba nyimbo za kanisani. Palipokatika sauti, ndipo palipokuwa na hofu, nami nilijua mahali pa kurudia kesho yake. Nawapeni dawa hii bure. Jaribu kwa mdogo wako au mkeo kabla hujamfokea.

Hofu ya pili, ya polisi, Bwana Jayanti aliniambia haitoki. Nilidhani anatania. Lakini kabla sijaiona hofu hiyo yenyewe, yalinikuta mambo ya Seif, ambaye hakuwa nayo.

Seif alikuwa Mpemba, kijana mtanashati aliyewachukua wageni kutoka Oman na Ghuba, wale waliokuja kiangazi na kukaa katika mikahawa ya Edgware Road mpaka kahawa ikapoa vikombeni. Alipokuwa bado ndani ya mwaka wake wa kwanza, akiendesha kihalali kwa leseni ya Tanzania, alipita taa nyekundu na akaandikiwa pointi tatu. Alikuja kunihadithia huku akicheka.

"Maalim, wameandika wapi? Leseni yangu ya Chake Chake. Hizo pointi zishapanda ndege."

Nilimwambia kwamba sina hakika na hilo. Wakati huo sikuwa na hakika kweli. Akafanya mtihani, akafaulu kwa mara ya kwanza, akapata kadi yake ya picha. Miezi michache baadaye akanaswa na kamera ya mwendo: pointi tatu nyingine. Akapeleka leseni yake kama alivyotakiwa, akitarajia kurudishiwa ikiwa na tatu. Haikurudi. Aliletewa taarifa kwamba amefikisha sita na leseni imefutwa. Zile za mwanzo hazikupanda ndege kokote. Ofisi ya leseni ilikuwa imemfungulia jalada kwa jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa siku ile ile alipohukumiwa, hata kabla hajawa na leseni yao, na jalada lile lilikaa likimngojea. Alipopata leseni, pointi zilishuka juu yake.

Nikaanza kumfundisha upya mtu aliyekwisha kufaulu. Siku moja tulikwama kwenye foleni mbele ya mkahawa mmoja wa Edgware Road, na mzee mmoja wa Kiomani aliyekuwa mteja wake akasimama na kikombe mkononi.

"Ewe Seif! Hiyo L nyekundu ni ya nini, jina la mke?"

"Naam, sheikh. Latifa."

"Mbona hukutualika harusini?"

"Ilikuwa ya ghafla, sheikh," Seif akasema, na meza nzima ikaangua kicheko. Yeye mwenyewe hakucheka. Wateja wake wa msimu ule walikuwa wamekwisha kwenda kwa mtu mwingine.

Nimewaeleza hayo ili mjue nilikuwa nikijua nini siku Mama Neema alipokuja mlangoni kwangu.

Mama Neema alikuwa mwanamke wa Bukavu aliyekimbia vita, akapewa hifadhi hapa, na akapata kazi ya kuwahudumia wagonjwa majumbani mwao, huko Lewisham na vitongoji vyake. Kazi ile haikuwezekana bila ya gari: asubuhi huyu aoshwe, yule alishwe, wa tatu ageuzwe kitandani, kila mmoja mtaa wake. Nilimfundisha mwenyewe. Aliimba nyimbo za kanisa lake kwa sauti nzuri mno hata mkaguzi wa mtihani alimwomba asinyamaze. Alikuwa hajatimiza mwaka tangu afaulu.

Alikaa kwenye kiti bila ya kuvua koti.

"Mwalimu, minaogopa," alisema. "Nimejiharibia."

Nikamwachia anieleze kwa utaratibu wake. Asubuhi ile alikuwa amechelewa kwa mgonjwa, akaongeza mwendo kwenye barabara itokayo Lewisham kuelekea kusini, na askari mwenye kifaa cha kupimia mwendo akamsimamisha. Leseni zote mbili zilikuwa mkobani. Akakumbuka shauri la Mzee Balthazar, ami wa mumewe na mzee wa kanisa lao. Akatoa ile ya Kongo.

"Akauliza niko hapa tangu wakati gani. Nikasema miaka ine. Sikuweza kudanganya mara mbili, mwalimu."

Niliona papo hapo alichokifanya. Mwanamke huyu alikuwa na leseni halali na bima halali. Kosa lake lilikuwa moja tu, la mwendo. Lakini kwa kuonyesha leseni ya Kongo, na kisha kusema kweli kuhusu miaka yake minne, alikuwa amemwambia askari kwa kinywa chake kwamba anaendesha bila ya leseni inayokubalika, na kwa hiyo huenda hata bima yake ni batili. Askari alimwamuru aliache gari kando ya barabara, akamwandikia makosa matatu badala ya moja, na akampa karatasi inayomtaka apeleke hati zake katika kituo cha polisi ndani ya wiki moja. Mgonjwa wake alifikiwa kwa miguu, saa nzima baadaye, akiwa amelowa kitandani.

Kuendesha bila ya bima, kwa hesabu ya miaka ile, pekee kulitosha kumfikisha kwenye zile pointi sita. Angefutiwa leseni, na leseni ikifutwa, kazi imekwenda.

"Sasa ufanye jambo moja," nilimwambia. "Chukua leseni yako ya Kiingereza na cheti cha bima, upeleke kituoni. Useme kwamba hizi ndizo zako za kweli."

Akanitazama kama niliyemwambia aingie motoni.

"Kwetu, muntu anaingia kule na viatu, anatoka bila viatu. Kama anatoka. Kaka yangu hakutoka."

Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi.

Siku ya pili nilikwenda nyumbani kwao, kwa kuwa jambo hili halikuwa lake peke yake tena. Mumewe alikaa pembeni, kama alivyostahiki kukaa mbele ya ami yake. Mzee Balthazar alikuwa ameketi katikati, na suti yake ya ibada, na alinikaribisha kwa adabu kamili kabla ya kunishambulia.

"Karibu, mwalimu. Kaa. Kunywa chai. Sasa niambie: unataka umupeleke mutoto wetu ku polisi na miguu yake mwenyewe?"

"Nataka apeleke leseni yake, mzee wangu."

"Leseni iko nyumbani, inalala. Hakuna anayeijua. Ataenda ku tribinali, mbele ya hakimu, na ile ya Kongo, atakubali yote, bataandika pointi zao juu ya Kongo. Kongo iko mbali. Nani atazifuata kule?"

"Hawatazifuata kule. Wataziandika hapa, kwa jina lake na siku yake ya kuzaliwa, na jina hilo hilo liko juu ya leseni yake iliyolala. Zitakutana."

"Unajua namna gani?"

Nikamweleza habari ya Seif, mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza vizuri. Kisha akatabasamu.

"Yule ni Mupemba. Bapemba hawana bahati."

Chumba kizima kilicheka, nami nilicheka, lakini Mama Neema alikuwa akiitazama meza. Mzee akanigeukia tena, safari hii bila ya mzaha.

"Na akifika pale bakamuuliza: mama, kwa nini ulimudanganya askari wetu? Utajibu weye?"

Hapo alinipiga mahali penyewe. Nilikuwa nimekwisha kumpigia simu wakili mmoja niliyemfundisha zamani, na wakili aliniambia bila ya kuficha kwamba hatari hiyo ipo. Kumficha askari ukweli ni jambo ambalo wanaweza kulifungulia shitaka, nalo si la pointi bali la jinai, na kwa mtu aliyepewa hifadhi hakuna shitaka dogo. Wakili aliongeza kwamba kwenda mbele ya hakimu na kuushikilia uongo ule ule kungekuwa kubaya maradufu. Niliyasema yote mawili pale pale, sikulipunguza hata moja. Sikuona haki ya kumpeleka mtu mahali huku nimemficha nusu ya njia.

Mzee Balthazar aliinua kikombe, akakirudisha bila ya kunywa.

"Basi njia mbili zote ziko mbaya," alisema.

"Ndiyo, mzee wangu. Lakini moja bado inaweza kumrudisha kazini."

Niliaga. Mlangoni Mama Neema aliniuliza kituo hufunguliwa saa ngapi.

Tulikwenda asubuhi ya siku iliyofuata. Njia nzima alikuwa akiimba kwa sauti ndogo, na nilikuwa nikisikiliza kama nilivyozoea. Wimbo ulikatika mara tu tulipoiona taa ya buluu juu ya mlango. Akasimama. Watu walitupita, mmoja akatusukuma kwa bega. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili juu ya kifua, na vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kama vya mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nilitaka kumwambia maneno ya kumtia moyo, na nikajikuta mimi mwenyewe nimeshika pumzi.

"Ikiwa sitoki," alisema, "umuambie bwana yangu amuchukue Neema ku masomo saa tisa."

"Utatoka."

"Umuambie tu, mwalimu."

"Nitamwambia."

Tukaingia. Nyuma ya kioo alikuwa askari mnene mwenye miwani, aliyekuwa akigombana na mashine ya kutolea nakala. Mama Neema aliweka mbele yake ile karatasi, kadi ya picha, karatasi ya kukunja na cheti cha bima. Askari alisoma, akasoma tena, akaivua miwani.

"Hapa imeandikwa ulionyesha leseni ya Kongo."

"Ndiyo, bwana."

"Na hii ni yako?"

"Ndiyo, bwana."

"Ulikuwa nayo siku ile?"

Wakili alikuwa ameagiza: aseme kweli, asiongeze neno.

"Ilikuwa ku mkoba," alisema kwa Kiingereza chake kilichochanganyika, na ndani yake lile "ku" la kwao lilimponyoka.

"Kwa nini hukuionyesha?"

"Niliogopa utaiandika."

Sikuweza kuisoma sura ya askari, na nimewasoma watu wengi kupitia kioo cha gari. Kisha akainuka, akachukua hati zote na kuingia chumba cha ndani, mlango ukafungwa. Mama Neema hakukaa. Alisimama pale pale mbele ya kioo, akiutazama ule mlango, na kila ulipotikisika alirudi nyuma nusu hatua. Mara mbili nilimwona akitazama mlango wa barabarani. Lau angekimbia, nadhani nisingemzuia.

Askari aliporudi alikuwa na nakala. Akamrudishia hati zake moja baada ya moja kupitia tundu la chini ya kioo.

"Nimeandika kwamba zimeonekana na ni halali. Hayo mengine ataamua aliyekusimamisha. Utaletewa habari."

"Ninaweza kutoka?"

"Unaweza kutoka," askari akasema, kwa mshangao, kama asiyejua kwamba hilo ni swali.

Yaliyobaki yalikuwa ni kungoja, na kungoja kulimkondesha kuliko siku yenyewe. Kila barua iliyoanguka mlangoni ilimfanya akae chini. Kazini alikwenda kwa basi, kwa kuogopa kuligusa gari, akifika kwa wagonjwa amechelewa, na msimamizi wake alianza kumuuliza maswali. Mzee Balthazar hakunisalimia tena nje ya kanisa nilipokuwa nikiwashusha wanafunzi wangu wa Jumapili. Alikuwa akiona nimemtoa mtu wa nyumba yake mikononi mwake, na kwa upande wake hakukosea. Niliwaza mara nyingi ningemwambia nini Neema ikiwa shitaka la jinai lingekuja.

Habari ilikuja kabla ya majira ya machipuko. Lilitajwa kosa moja tu, la mwendo; la leseni na la bima yaliachwa, na la kumdanganya askari halikuletwa. Mahakama ilimtoza faini na kumwandikia pointi tatu juu ya leseni yake ya Kiingereza. Leseni haikufutwa. Jumatatu iliyofuata aliwasha gari na kwenda kazini.